Membe wa Jiwe la Mzama

Jumamosi, 14 Juni 2025

Upepo wa kusi umeshika, na pamoja nao ameingia Asila, mtoto wa dada yangu Nunu, na kamera yake inayoning'inia kifuani. Mwezi wa Septemba anataka kufanya maonyesho ya picha za ndege wa pwani kwenye ukumbi mmoja wa Shangani, na anataka kila picha iwe na shairi chini yake. Chini! Nimetunga mashairi tangu ujana, jina langu linajulikana Nungwi hadi Makunduchi, leo niwekwe chini ya picha ya ndege kama bei ya nyanya.

Nilimwambia situngi nisichokitembea. Hiyo ndiyo tofauti yangu na Talib, mtunzi mwenzangu, ambaye hutunga mvua akiwa chini ya feni. Kama anataka shairi la ndege, anipeleke kwa ndege.

"Ntakupeleka, Mjomba," alisema. "Lakini huko nnakokupeleka hapatajwi."

Nikamwambia mtoto hampi mjomba wake masharti. Nunu alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua macho, "Mpeleke tu, mwanangu. Usipompeleka atanuna, na mimi ndo nnaekaa naye."

Jumanne, 17 Juni

Upepo mchana kutwa. Talib amesoma redioni shairi la pomboo. Mtu anayeogopa hata dimbwi la mvua, leo anatuelezea pomboo.

Alhamisi, 26 Juni

Nimerudi na nyayo zilizochanika na hasira tele.

Aliyetuongoza ni Shaame, mume wa Asila. Ni Mtumbatu, fundi wa kujenga mashua kule Nungwi. Siku ya harusi yao nilikaa nyuma kabisa na biriani yao niliila kwa kinyongo. Sikuficha. Mtoto wetu wa mjini, aliyesomeshwa, ameolewa na mtu ambaye mfukoni mwake hamkosekani misumari, na ambaye ukimsemesha anakujibu baada ya wewe kusahau ulichouliza.

Jiwe la Mzama ni mwamba uliosimama mbali na ufuo, mbele ya kijiji cha kina Shaame. Siku zote limezungukwa na maji ya mkondo, na chombo hakilisogelei kwa sababu ya miamba iliyojificha chini. Bamvua tu, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu na bahari ikakupwa mpaka mbali, ndipo mtu huvuka kwa miguu, na lazima arudi kabla maji hayajaanza kujaa. Wazee wa kijiji wamekataza watu kulipanda wakati wa mayai. Asila wamempa ruhusa kwa kuwa ni mke wa Shaame, na Shaame ndiye aliyetoa ahadi mbele yao kwamba jina la mahali halitatoka. Yote haya nilielezwa njiani, nikiwa nimekunja kanzu mpaka magotini, nimevaa makubadhi ambayo yalikufa kabla hatujafika nusu ya njia.

Kisha nikawaona. Sitaandika uongo humu: nilisahau miguu. Membe wengi kiasi kwamba jiwe lenyewe halikuonekana, weupe, vichwa vyeusi, vifuani wana wekundu mwepesi ambao sikuwahi kusikia mtu akiusema. Mayai yamelala juu ya mwamba mtupu, hakuna kiota, hakuna hata jani. Asila alilala kifudifudi kwenye maji ya kina cha kiganja, akapiga picha bila kujali nguo wala heshima.

"Mjomba, simama hapo," Shaame alinambia. "Usipite hapo."

Nani wa kunambia nisimame? Nilitaka kuona madoa ya yai kwa karibu, maana shairi linataka madoa. Nikapiga hatua mbele. Wote wakaruka kwa pamoja, anga ikafungika, na kelele zao zikaniingia mpaka kwenye meno. Kufumba na kufumbua kunguru wawili walishuka, hao hao kunguru wetu wa majalalani, sijui walikuwa wamejificha wapi. Mmoja akatoboa yai, mwingine akaondoka nalo zima mdomoni. Shaame alikimbia akipiga makofi na kupiga mayowe.

"Nyuma! Turudi nyuma sasa hivi!"

Alinipigia kelele mimi. Asila alinitazama tu. Niliona aibu, na mimi nikiona aibu huwa mkali, kwa hiyo njia nzima ya kurudi nililalamikia makubadhi.

Kabla ya kuondoka Asila alinipiga picha moja, nimesimama na kanzu yangu iliyokunjwa, membe juu ya kichwa. Amenitumia kwenye simu. Nimetoka vizuri.

Jumanne, 1 Julai

Shairi limekuja. Limekuja lenyewe, beti kumi na moja, mizani haijapungua wala kuzidi. Ni zuri kuliko yote niliyowahi kutunga, na nasema hivi nikiwa peke yangu, kwa hiyo si majivuno.

Alhamisi, 3 Julai

Ugomvi.

Asila alisoma, akafika ubeti wa mwisho, akaweka karatasi juu ya meza.

"Huu utoe."

Huu hapa, nauandika ili kama kuna haki duniani mtu auone:

Tamati naweka nanga, hapa ndipo nasimama
Ni Qaisi nilotunga, kwenye Jiwe la Mzama
Membe wameficha anga, kwa mabawa na kuvuma
Ewe membe wa bahari, nani kakufunza hima?

Nikamweleza kwa utulivu, na utulivu wangu dada yangu aliusikia mpaka jikoni, kwamba shairi lina kanuni. Ubeti wa tamati hutaja nani katunga na wapi. Walitaja waliotufunza, na waliowafunza wao. Shairi lisilo tamati ni la kuokotwa, kila mtu atadai lake.

"Weka jina lako," alisema. "Weka hata mara tatu. Pahala patoe."

"Nikipatoa, Talib atasema sikufika."

"Na aseme."

"Wewe unapiga picha tu, unabonyeza na kwenda zako. Hujui kazi hii inavyokuwa."

Akasimama. "Shaame kawapa wazee neno lake, Mjomba. Neno lake, si langu wala lako."

"Basi Shaame ndo mtunzi siku hizi?"

Nunu akaja na kitambaa cha kufutia mikono akanambia mimi ni mtu mzima ovyo. Nikamjibu. Nikajibiwa. Sikuahidi kitu chochote, nilisema nitaona.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeona. Nimelisoma lote.

Kipindi cha mashairi cha alasiri, mtangazaji Nassra, studio imejaa. Nilipomaliza ubeti wa mwisho simu zikalia mfululizo. Mtu wa Kikwajuni alisema amelia. Talib, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alipiga makofi kama mtu anayefukuza nzi.

Nimekula samaki mzima usiku huu.

Jumapili, 6 Julai

Asila alikuja asubuhi, akasimama uani, hakutaka kukaa wala kunywa chai. Hakuniamkia. Tangu aanze kusema, hajawahi kuingia nyumba hii bila kuniamkia.

"Kijiji kizima kimesikia," alisema. "Wamemwita Shaame. Wamemuuliza nani kakupeleka jiweni na nani kakupa jina."

"Mimi ntakwenda kuzungumza nao."

"Huendi popote."

"Sasa Shaame kasemaje?"

"Kasema yeye. Kasema kakupeleka yeye na yeye kakuambia utaje. Ile mashua ya kijiji aloanza kuijenga wameshampa fundi mwengine."

Nilimwambia huo ni ujinga, hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Asila alivuta pumzi, na nilidhani atalia, lakini alicheka, kicheko kibaya.

"Unajua, Mjomba, kila anaposikia watu wanakusema, anakutetea. Ati ndo mjomba wangu, lazima ana jambo zuri kifuani. Mie nshachoka kulitafuta."

Akaondoka. Nunu akaondoa vikombe bila kunitazama. Nimemchukia Shaame leo kuliko siku ya harusi. Amenifanya nionekane mdogo, naye hata hakuwepo.

Jumanne, 8 Julai

Kijana anayetembeza wageni amenifuata sokoni. Jiwe la Mzama liko wapi hasa, Mzee, na watu hufikaje? Nikamwambia asome shairi. Akasema kampuni yao inataka kupeleka wageni. Nilirudi nyumbani nikasahau nilichokwenda kununua.

Jumapili, 13 Julai

Bamvua la mwezi mpevu limepita. Upepo mkali, mvua za manyunyu. Hakuna aliyekwenda. Nimesikia kwa Nunu kwamba Shaame amekaa ufuoni siku zote hizo, amejifunika gunia, akilinda.

Sikuuliza zaidi.

Jumamosi, 19 Julai

Talib amenichafua mbele ya kisiwa kizima.

Wanafunzi wake wawili walikwenda juzi mpaka kijijini kwa kina Shaame, wakasimama ufuoni, wakatazama. Juzi maji mafu! Bahari haikukupwa wala nini. Wameona mawimbi, na mbali huko kitu cheusi kinachopigwa na povu. Wakamuuliza mtu wa pale, akawaambia hakuna mtu anayefika kule. Akawaambia hivyo kwa makusudi, naye amefanya vizuri, lakini mimi je? Leo Talib akakohoa redioni, akasoma:

Qaisi tumetafuta, hilo jiwe lako huko
Maji tupu tumepata, na mawimbi na vituko
Membe uliyemkuta, ni yule wa ndoto yako
Malenga wa kitandani, toa ushahidi wako

Nassra akacheka kabla hajajizuia. Kisha akasema kwa sauti yake ya asali kwamba Mzee Qais ana wiki moja kujibu, kwa vina hivyo hivyo kama ada inavyotaka, na asipojibu itajulikana. Wale wa kampuni ya wageni nao wamepiga simu hewani: jiwe likithibitika lipo na linafikika, wana wageni tayari.

Jumapili, 20 Julai

Jibu limekuja nikiwa natia udhu. Sikulitafuta.

Bamvua ungefuata, ungelifikia huko

Mstari mmoja, na Talib amekwisha. Ndani yake mna vina vyake mwenyewe, mna kumfunza bahari mtu wa feni, na mna ushahidi: aende bamvua lijalo, atatembea kwa miguu yake. Na picha ninayo kwenye simu, nimesimama juu ya jiwe lenyewe. Nimetembea barazani nikicheka peke yangu mpaka Nunu akanichungulia.

Jumatatu, 21 Julai

Kwenye barza ya kahawa wamenipisha nafasi ya kukaa. Mmoja akasema, "Mpeni mto Mzee Qais, kazoea kitanda." Nikanywa kahawa yangu mpaka tone la mwisho. Ngojeni Jumamosi, washenzi nyie.

Jumatano, 23 Julai

Walikuja wote wawili. Shaame aliniamkia, "Shikamoo, Mjomba," kama kawaida yake, akaketi kwenye mkeka ingawa viti vipo. Amekonda. Midomo imepasuka kwa upepo.

Asila ndiye aliyeanza. "Umeshatunga jibu."

"Nshatunga."

"Lisome."

Nikalisoma lote kwa kiburi. Nilipofika kwenye mstari ule Shaame aliinua kichwa, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alijibu papo hapo.

"Makinda yashatoka, Mjomba. Yalianza juzi."

Nikaikunja karatasi.

"Bado hayajaota mbawa. Yako chini tu, yanapiga mbio juu ya jiwe. Bamvua hili watu hawatawahi, lakini bamvua la mwezi mpevu watakuja. Wageni na kamera zao, na vijana wa huku watakaotaka kuwaongoza." Akaangalia mikono yake. "Wewe uliona. Tulikuwa watatu."

Hakunikumbusha kunguru, hakutaja mashua, hakusema amelala ufuoni kwa ajili ya mdomo wangu. Nilimngojea alaumu ili nipate pa kumshika, na hakulaumu. Huyu mtu amebeba mzigo wangu zaidi ya wiki mbili na hata hajanionyesha bega.

Asila alisema, "Ukiusoma mstari huo, usije tena kwangu. Hata nikifa, usije."

"Asila!" Shaame akamkemea.

"Muache," nilisema. "Ana haki yake."

Walipoondoka nilibaki na karatasi. Nimejaribu kubadilisha. Nikinyamaza, watasema sikufika, lakini baadhi watasema labda nimeudhika tu, na wale wa kampuni wataendelea kuuliza uliza mpaka wampate wa kuwaambia. Nikisema jiwe lipo lakini sitaki watu waende, watakwenda usiku huo huo. Nimegeuza kila upande. Umebaki upande mmoja, nao siutaki.

Ijumaa, 25 Julai

Nimeswali Ijumaa na sikumsikia khatibu hata neno. Namchukia Talib. Namchukia Nassra na kicheko chake. Najichukia na mimi kidogo, ingawa si kama inavyonipasa.

Jumamosi, 26 Julai

Studio ilijaa zaidi ya siku ile. Talib alivaa koti. Jibu langu lilikuwa kwenye mfuko wa kanzu, na simu yenye picha upande wa pili.

"Haya, Mzee Qais," Nassra alisema. "Kisiwa kinakungojea. Una jibu?"

"Sina."

"Sijakusikia vizuri, Mzee wangu."

"Sina jibu. Talib kasema kweli. Mimi sikufika."

Nilisikia mtu akivuta kiti. Nikaendelea kabla Nassra hajauliza tena.

"Ndege wapo, picha zipo, mpwa wangu kazipiga mbali huko, kisiwa chengine kabisa. Mimi nlikuwa nyumbani kwangu."

"Na Jiwe la Mzama?" Talib akauliza. Alikuwa ameinamia mbele. Hakuamini bahati yake.

"Hakuna. Nlikuwa nahitaji neno la kumalizia vina, likanijia hilo. Lile jiwe lilioko kule ni jiwe tu la baharini, halipandiki."

"Kwa hivyo umelibuni kwa ajili ya vina?"

"Kwa ajili ya vina."

Kwa mtunzi, afadhali kusema umeiba. Niliona uso wa Talib ukibadilika. Ule ushindi alioutaka aliupata, lakini kwa sekunde moja alinitazama kama mtu aliyepewa zawadi akakuta sanduku lina kitu kingine. Amenijua siku nyingi. Anajua mimi sibuni. Niliogopa atauliza tena, nikamwahi: nikampa mkono, nikamwambia mbele ya kipaza sauti kwamba yeye ndiye bora.

Asila hakupiga simu.

Jumatatu, 28 Julai

Nassra amenitumia ujumbe. Kipindi kitanipumzisha kwa muda. Ameandika kwa heshima kubwa.

Alhamisi, 31 Julai

Watoto wa mtaani wanakimbia nyuma yangu wakiimba ubeti wa Talib. Wameushika vizuri, lazima nikiri. Mizani haipotei.

Jumapili, 3 Agosti

Nunu amenipikia mkate wa kumimina bila sababu. Nikamuuliza una nini. Akasema kula, mtu mzima ovyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Bamvua. Sikutoka nyumbani. Alasiri Shaame alinipigia simu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Hakuja mtu, Mjomba."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wale wa kampuni wanapeleka wageni kwengine." Kisha akaongeza: "Wazee wamenirudishia mashua. Wamesikia redio."

Nikamwambia vizuri. Nilitaka kusema na jingine lakini sikuwahi kujifunza kumsemesha mtu huyu, na ni kosa langu, yeye hana kosa. Nikamuuliza kama upepo umepungua kule. Akasema umepungua.

Jumamosi, 16 Agosti

Talib amesoma redioni shairi la ngisi. Bovu.

Jumapili, 31 Agosti

Asila amekuja leo. "Shikamoo, Mjomba," alisema, akiwa bado mlangoni, na mimi nikaitika, "Marahaba," nikakohoa ili nipate kazi ya kufanya. Shaame alikuwa nyuma yake.

Alinionyesha picha kwenye kioo cha kamera. Kinda mmoja ukingoni mwa jiwe, mbawa wazi, miguu imeshaacha mwamba. Ndiyo picha kubwa ya maonyesho. Chini yake hakuna shairi, na sikuuliza.

"Washaondoka wote," alisema. "Jiwe jeupe tupu."

Mwili wangu ulisimama kabla ya akili. Wameondoka! Basi hakuna wa kudhuriwa. Nilikwishaichukua simu, nikaifungua picha yangu ile, mimi na kanzu yangu na membe juu ya kichwa. Nassra yuko studio mpaka magharibi. Mstari wangu naukumbuka, ningeusoma bila karatasi. Talib angeupata akiwa amekaa, na barza nzima, na wale watoto. Nilikuwa nimeshatia mguu kwenye kiatu.

"Unakwenda wapi?" Asila aliuliza.

"Kusema kweli. Si wameshaondoka?"

Akamtazama mumewe. Shaame alichukua muda wake.

"Wanarudi, Mjomba," alisema. "Kila kusi. Jiwe lile lile."

"Mwakani?"

"Na mwaka wa pili yake."

Hakuna aliyenizuia. Asila aliondoka mlangoni, akanipisha njia. Nikakaa kwenye kiti, nikavua kiatu kile kimoja.

Jioni nilikwenda kwenye barza kunywa kahawa. Talib alipita na jamaa zake, akasimama.

"Malenga wa kitandani, umeamkaje leo?"

Wakacheka wote, mpaka muuza kahawa.

"Nimeamka salama," nikamjibu.